Usiliinue Hilo Gari

Kituo cha Mifugo, mlimani
4 Machi

Shemeji,

Kaa kwanza. Kama umeshika spana, iweke chini. Nimepewa gari.

Si ahadi, si fomu ya kujaza. Gari jipya kabisa la kupandia milima, bado linanuka plastiki, viti vimefunikwa nailoni ambayo nimekataa kuitoa. Limeletwa jana mchana na dereva wa makao makuu. Akanikabidhi funguo mbele ya mlinzi na ng'ombe watatu waliokuwa wanasubiri dawa, akanisainisha, akadandia lori la mizigo akateremka zake. Nikabaki uani nimeduwaa. Mlinzi akaniuliza, "Daktari, mbona hufurahi?" Nikamwambia nafurahi sana, ila habari bado haijanifika miguuni.

Miaka mitano nimezunguka milima hii kwa pikipiki na kwa miguu, sanduku la chanjo mgongoni. Baada ya ile ajali ya kaka yako na gari la kituo, ofisi iliapa kituo hiki hakipati gari tena. Sasa amekuja bosi mpya, na bosi mpya ameniuliza swali moja tu: "Daktari, unajua kwenda taratibu?" Nikamjibu kwamba mimi si mume wangu.

Haya, sikiliza. Nimeruhusiwa kuliongezea vitu vitatu kabla mvua hazijaanza, nichague mwenyewe. Nimefikiria hivi: kwanza, liinuliwe kama inchi nne, maana mawe ya korongoni yatalichuna tumbo. Pili, taa kubwa za juu ya paa. Tatu, winchi ya mbele, nijivute nikizama kwenye tope. Kuna gereji mpya hapa chini ya mlima, mafundi wake wanasema springi ndefu wanazo, kazi ya siku moja.

Lakini fundi wa ukoo ni wewe. Najua uliacha magari, siku hizi unatengeneza vyerehani, na sijawahi kukuuliza kwa nini. Niambie tu kama nimechagua vizuri.

Mpe mwanangu Chiriku habari, na mwambie asimchoshe bibi yake kwa maswali. Mama msalimie sana. Asiogope, nitaendesha kama nimebeba mayai.

Simu huku bado haishiki, kwa hiyo jibu lipande na lori la Alhamisi.

Shemeji yako,
Daktari wa Ng'ombe


Nyumbani
9 Machi

Shemeji,

Barua yako nimeanza kuisoma nimesimama, nikaimalizia nimekaa. Hongera. Chiriku amepiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mama alisema "Alhamdulillahi" halafu akainuka akaenda kuswali.

Umeniuliza, nakujibu. Gari jipya halihitaji mapambo, linahitaji kusimama vizuri ardhini. Kwa hiyo cha kwanza ni matairi. Hayo lililokuja nayo ni ya lami, yatateleza kwenye majani mabichi tu, sembuse tope. Tafuta yenye meno makubwa na mbavu nene, ukipita kwenye mawe unapunguza upepo kidogo. Ndiyo maana utahitaji pia pampu ndogo ya upepo, hiyo ihesabu pamoja na matairi.

Cha pili, bamba la chuma chini ya injini na giaboksi. Mawe ya korongoni yakutane na chuma, yasikutane na tumbo.

Cha tatu, ndoano imara za kuvutia, mbele na nyuma, na mkanda mrefu wa kuvutia. Winchi ni kitu kizuri kwa aliyefundishwa. Asiyefundishwa inamkata vidole. Taa za juu acha, wewe huzunguki gizani.

Kuhusu kuliinua: usiliinue. Nakuomba, Shemeji. Usiliinue hilo gari hata inchi moja, na usiniulize sababu. Bamba litatosha.

Mgongo wangu hauruhusu tena kulala chini ya magari, la sivyo ningekuja kukufungia mwenyewe.

Ni mimi,
Shemeji yako Fundi


Kituoni
20 Machi

Shemeji,

Barua yako ya tarehe tisa imenifikia leo. Lori lilikwama darajani siku zote hizi. Sasa usinikasirikie: gari limeshainuliwa.

Nilisubiri jibu, halikuja, mvua nayo imeanza kuchungulia, nikaenda gereji Jumanne. Springi ndefu, inchi nne kamili. Shemeji, ungeliona! Limesimama kama twiga. Mlinzi sasa anapanda kwa kuruka, na mimi nimetafuta kigoda. Korongo ambalo pikipiki ilinishinda nimelivuka bila hata jiwe moja kugusa tumbo. Matairi na bamba nitayafuata kama ulivyosema, maelezo yako yameniingia akilini. Winchi nimeiacha, vidole navihitaji.

Lakini nikuambie ukweli, hilo "usiniulize sababu" limenikera. Nimelisoma mara mbili. Unadhani mwanamke hawezi gari refu? Au unadhani nitalikimbiza kama marehemu? Mbona yeye ulimwinulia? Lile gari la ofisi, si wewe uliyelipandisha kwa mikono yako? Aliringa nalo kijiji kizima. Yeye halali, mimi haramu?

Basi, yaishe. Mimi ni mtu wa kuuliza, ndiyo kazi yangu. Ng'ombe hawasemi, inabidi niulize mpaka nijue.

Kitu kimoja kidogo. Kule korongoni, gurudumu la nyuma liliponing'inia hewani, taa nyekundu ya breki iliwaka kwenye dashibodi, halafu ikazima. Fundi wa gereji anasema ni ugeni wa gari. Nawe wasemaje?

Kesho kutwa asubuhi nateremka mlima na chanjo, mara ya kwanza tangu liinuliwe. Mwalimu mkuu anashuka leo, nampa barua hii akuletee mkononi.

Daktari


Nyumbani
21 Machi

SHEMEJI, USITEREMKE.

Nimempa barua hii muuguzi anayepanda kesho asubuhi. Nimemwapisha akupe kabla hajashusha hata mzigo wake.

Usiliwashe. Fanya hivi. Mwite mlinzi. Wekeni jeki chini ya chesisi ya nyuma, si chini ya ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu. Chini ya CHESISI. Pandisheni mpaka magurudumu ya nyuma yaning'inie yenyewe. Wekeni gogo, msiamini jeki peke yake. Kisha chungulia kwa tochi. Utaona mpira mweusi, mnene kama kidole, unatoka kwenye chesisi unakwenda kwenye ekseli. Huo ndio mpira wa breki. Ushike. Ukiwa umelegea, nitukane, nitafurahi. Ukiwa umekaza, tazama pale unapoingia kwenye kichwa chake cha chuma, upande wa juu. Tazama kama una ufa. Tazama kama una unyevu.

Ningekuja mwenyewe. Nimefika mpaka stendi, nimesimama mlangoni mwa basi, miguu imekataa. Sijaupanda mlima huo tangu siku ile.

Usiteremke.

Fundi


Kituoni
22 Machi

Shemeji,

Naandika nimekaa uani, gari bado limetundikwa.

Muuguzi amenikuta nimeshakaa kwenye usukani. Masanduku sita ya chanjo yalikuwa nyuma, mkanda nimeshafunga, na yeye mwenyewe alikuwa ateremke nami akishanikabidhi dawa. Nimesoma maneno mawili ya kwanza nikazima injini. Kidogo nicheke, nikidhani umerukwa na akili.

Tumelipandisha kama ulivyosema. Mlinzi ndiye aliyetangulia kuingia chini. Nikamuuliza, "Unaona nini?" Akasema, "Daktari, njoo uone mwenyewe, mimi sijui nakwambia nini."

Mpira umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Nimeugusa, umekaza mpaka unalia. Na pale juu, palepale ulipoandika, kwenye kichwa cha chuma, una ufa wa kuingiza ukucha. Nimepitisha kidole. Kimetoka na oili.

Nimetoka chini ya gari nikakaa kwenye majani. Muuguzi alikuwa ananisemesha, namwona mdomo unacheza, sauti siisikii. Unaujua mteremko wetu. Kona saba, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili hakuna kitu. Tulikuwa tuuteremke saa tatu.

Nimetuma ujumbe gereji waje. Wamekuja, wakachungulia, fundi mkubwa amesawijika uso. Anasema kila anayeinua gari anatakiwa abadilishe na mipira, aweke mirefu, naye alisahau. Alisahau! Ameondoka na kofia mkononi.

Umetuokoa, Shemeji. Sijui nikushukuruje, na nitakushukuru. Ila kuna swali ninalo tangu nitoke chini ya lile gari. Wewe uko mbali. Gari hili hujaliona hata kwa picha. Umejuaje mahali pa ufa?

Umejuaje?

Daktari


Nyumbani
29 Machi

Shemeji,

Barua hii nimeichana mara nne. Hii ya tano naipeleka posta hata ikiwa mbaya.

Nimejua kwa sababu nilishauona ufa huo.

Kaka alikuja gereji kwangu Jumatatu moja na lile gari kuukuu la ofisi alilokuwa dereva wake. Alitaka liinuliwe kwa sababu ya mawe yaleyale unayoyasema. Tulifanya kazi wawili, tunacheka, anasimulia habari zako, jinsi ulivyomfukuza mbuzi wa mwenyekiti kwa ufagio. Springi zikaingia vizuri. Nilipopita chini mara ya mwisho nikaona mpira wa breki wa nyuma umekuwa mfupi. Sikudanganyi kwamba sikuuona. Niliuona, nikaushika, nikajua.

Mpira mrefu sikuwa nao. Ungefika baada ya siku mbili. Kaka alikuwa na chanjo kwenye barafu, anaangalia saa. Nikamwambia, "Nenda, wiki ijayo upite nikubadilishie kampira fulani hapo nyuma." Hivyo ndivyo nilivyosema. Kampira. Kama mtu anayezungumzia kitasa cha mlango. Sikumwambia kwamba kampira hako ndiko kalikoshika roho yake. Nadhani niliona aibu kumwonyesha kaka yangu kwamba kazi nimeifanya nusu.

Wiki iliyofuata akapita. Mpira nilikuwa nao, nimeutundika ukutani. Lakini nilikuwa na magari manne yanasubiri. Nikamwambia, "Njoo wiki ijayo." Akanipungia mkono.

Hakurudi. Magari ya zamani breki zake zote zinategemea oili ya njia moja. Mpira mmoja ukikatika, pedeli inazama mpaka sakafuni na hakuna kinachobaki.

Na bado sijafika kwenye lile baya zaidi. Mwenye gari la kuvutia magari mabovu nilikuwa mimi. Polisi waliniita mimi nikalitoe bondeni. Niliingia chini peke yangu kufunga mnyororo. Mpira ulikuwa umepasuka ukachomoka kwenye kichwa chake cha juu. Nikatoa kisu. Nikakata vipande vyote viwili, nikavitia mfukoni. Nikatoka, nikasema, "Vuteni."

Mkaguzi alipokuja, gari lilikuwa limepondeka, na chini hapakuwa na cha kukagua. Akaandika: mwendo kasi, uzembe wa dereva. Karatasi ile nilimsomea Mama mimi mwenyewe, mstari kwa mstari. Sauti yangu haikutetemeka. Watu walipokuja kutoa pole wakisema kaka alikuwa anapenda mbio, niliitikia kwa kichwa pamoja nao.

Nilifunga gereji baada ya arobaini. Mgongo wangu hauna ugonjwa wowote.

Vipande ninavyo. Viko kwenye kopo la vifungo, chini ya meza ya cherehani.

Sina jina la kuweka hapa.


Kituoni
5 Aprili

Nimeisoma barua yako mbele ya ng'ombe aliyekuwa anazaa vibaya. Nikaikunja, nikanawa, nikamtoa ndama. Ametoka mzima. Sijui nilifanyaje. Sikumbuki mikono yangu ikifanya kazi ile.

Miaka mitano. Unajua nilichofanya kwa miaka mitano? Nilimgombeza maiti. Nilikwenda kaburini kwake nikamwambia, "Ulikuwa unakimbilia wapi? Ulikuwa na mtoto wa miaka minane, ulikuwa unakimbilia wapi?" Picha yake niliitoa ukutani kwa sababu kila nikiiona nilitaka kuipiga kofi. Chiriku alipotaka baiskeli nilimwambia, "Unataka kuwa kama baba yako?" Mtoto alinitazama, akaenda kukaa peke yake. Hiyo nilisema mimi, kwa mdomo wangu. Maneno ulinipa wewe.

Na gari tulilonyimwa, je? Ni ng'ombe wa watu wangapi wamekufa kwa sababu nilifika kwa miguu, siku mbili nimechelewa? Wakulima wananiambia, "Haidhuru, Daktari." Haidhuru!

Alikuja wiki iliyofuata. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Alikuja, na mpira ulikuwa ukutani.

Kwamba umetuokoa juzi najua. Muuguzi ana watoto watatu na wanaye mama yao kwa sababu yako. Siwezi kuviweka vitu hivi viwili kwenye mzani mmoja, kwa hiyo usiniombe.

Fanya jambo moja. Waketishe Mama na Chiriku, uwaambie. Si kwa barua. Kwa mdomo wako, unawatazama, kama ulivyowasomea ile karatasi. Na hivyo vipande uvipeleke panapohusika. Mpaka umalize, usiniandikie.


Nyumbani kwa Bibi
19 Aprili

Mama,

Ba'mdogo amesema wewe unajua tayari, kwa hiyo naandika moja kwa moja. Bibi amenikataza kuandika nikiwa nalia, nimesubiri siku mbili.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya kula. Nilikuwa nataka kutoka, akaniambia, "Chiriku, kaa." Nikadhani nimefanya kosa. Aliweka kopo la vifungo mezani. Halafu akatuambia yote, amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Alipomaliza, Bibi akasema, "Rudia." Akarudia. Bibi akasema, "Rudia tena." Mara ya tatu sauti ikamkatika, Bibi akamwambia, "Malizia. Mbona ile karatasi uliimaliza?"

Mama, mimi nilikuwa nimeganda. Nilikuwa natazama kikombe cha chai, kina ua jekundu, nikawa nahesabu majani yake tu. Hata kulia nimelia kesho yake.

Bibi alivua miwani. Akasema, "Mimi nilizaa watoto wawili. Leo mmoja amenirudia, na mwingine simjui." Akaingia chumbani, akafunga mlango. Hajamsemesha mpaka leo. Anampikia, anampakulia, anaweka sahani mezani, anageuka.

Tulibaki mimi na yeye. Nikamwuliza kitu ambacho nimekitaka miaka yote, ila nilikuwa naogopa kukuuliza wewe. Nikasema, "Baba alifanya nini breki zilipokataa?" Akashtuka, sijui alitegemea nimtukane. Akakaa chini, akanijibu polepole. Amesema alipoingia chini ya gari bondeni aliona hendibreki imevutwa mpaka mwisho, na gia imerudishwa namba moja. Na barabarani, palikuwa na mkwaruzo mrefu kwenye ukuta wa mawe. Maana yake Baba alilielekeza gari ukutani makusudi, lijisugue lipunguze mwendo. Amesema, "Alipigana, Chiriku. Kila kitu ambacho dereva anaweza kufanya, baba yako alikifanya. Kilichobaki kilikuwa changu."

Nikamwambia, "Na hilo nalo ulilificha."

Jumatatu alikwenda ofisini kwao Baba na kopo lake. Alivaa shati jeupe. Amerudi jioni.

Mama, sijui nimchukie vipi. Yeye ndiye anayenipeleka shule mvua ikinyesha. Nikikumbuka hilo nakasirika zaidi. Wewe unafanyaje?

Na siku ile ya baiskeli sijakununia, nimekuambia tu usije ukafikiri.

Wako,
Chiriku


Nyumbani
3 Mei

Kwa Daktari,

Nimemaliza uliyoniagiza, ndiyo maana naandika.

Ofisini nilipokewa na yule mkaguzi aliyeandika ripoti. Ni mzee sasa, anakaribia kustaafu. Nilipofungua kopo mezani kwake alidhani nimeleta vifungo vya kuuza. Nikamwambia ni nini. Alisukuma kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta. Akasema, "Nimeandika uongo, na nimeusaini." Nikamwambia uongo ni wangu. Tuliandika maelezo kurasa nne, nikaweka sahihi kila ukurasa. Vipande vimetiwa kwenye bahasha vikapigwa muhuri.

Ripoti ya kaka imefutwa. Imeandikwa upya: hitilafu ya breki iliyotokana na kazi ya fundi, dereva hana kosa. Nakala yako imo humu. Polisi nao wamechukua maelezo, wameniambia nisisafiri mbali bila kuaga, nisubiri kuitwa. Nitaitika.

Kwenye kifurushi kuna mipira ya breki mitatu, mirefu, ya gari lako. Nimeikagua mmoja mmoja. Mpe fundi yeyote aifunge, lakini baadaye litundikwe tena magurudumu yaning'inie, na wewe mwenyewe uingie chini uishike. Usimwamini mtu.

Sikuombi chochote.


Kituoni
11 Mei

Mipira imefika. Na ripoti nimeisoma.

Gari halijatoka uani tangu siku ile. Sitaki fundi mwingine. Waage polisi, upande na lori la Alhamisi, uje uifunge kwa mikono yako. Ukimaliza tutateremka pamoja, wewe umekaa mbele.

Daktari


Kituoni
20 Mei

Chiriku wangu,

Uliniuliza nafanyaje. Samahani nimechelewa kukujibu. Sasa nikusimulie tu kilichotokea.

Alifika Alhamisi. Kutoka kituo cha lori mpaka hapa alitembea, dereva anasema kwenye zile kona alijifunika uso kwa koti. Tulisalimiana kwa mbali. Ijumaa asubuhi akalala chini ya gari, akafanya kazi bila kuinuka mpaka mchana. Mlinzi alimpelekea maji, akayanywa hukohuko chini. Halafu akaniita nikae kwenye usukani. Yeye chini anasema, "Bonyeza. Shikilia. Achia," mimi nabonyeza, nashikilia, naachia, oili mpya inapita. Tumefanya hivyo karibu saa nzima. Hayo tu ndiyo maneno tuliyoambiana.

Kisha akalitundika, akanipa tochi. Nikaingia nikashika mipira yote mitatu. Imelegea, inacheza. Nikamwambia, "Panda."

Kwenye kona ya nne akasema, kwa sauti ndogo sana, "Simama hapa." Nilikanyaga breki, gari likasimama. Palepale, bila hata kuteleza. Tukatazamana.

Mwanangu, kona ile alikotumbukia baba yako nimeipita miaka mitano nikiwa nimegeuza uso. Tulishuka. Akanionyesha ule mkwaruzo ukutani, bado upo, mrefu kuliko gari letu mara tano au sita. Nilitembea nao mwanzo hadi mwisho, kiganja changu juu ya jiwe. Baba yako alipita hapo akisukumana na mlima mzima ili arudi nyumbani. Nami nilikuwa nikimwuliza alikuwa anakimbilia wapi.

Ba'mdogo wako alikaa kando ya barabara akalia kwa sauti. Sikumbembeleza. Sijamsamehe, na bibi yako asiharakishwe, wala wewe usijilazimishe kwa sababu anakupeleka shule. Hasira yako ni halali, na mvua ikinyesha panda tu naye. Hivyo ndivyo ninavyofanya mimi: nilimsubiri mpaka akamaliza, tukapanda, tukamalizia kona zilizobaki. Chini ya mlima akashuka kungoja basi. Akaniambia, "Matairi bado hujabadilisha." Nikamwambia nitabadilisha wiki hii.

Halafu nilirudi kupanda peke yangu, nikasimama tena kwenye ile kona, nikazima injini. Nikamlilia baba yako, Chiriku. Ndiyo mara ya kwanza nimlilie bila kumgombeza.

Mama yako